Nguzo ya Tisa ya Bwana Himyar

Ukiniona mwongo, sema sasa hivi, nikutazame usoni. Halafu nenda Nguvumali, bustanini kwa Bwana Himyar, saa sita ya mchana, ukae peke yako katika lile banda lisilo na kuta. Ukirudi na ulimi wako, tutaendelea. Mimi Safari, seremala, shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu hakuwa na jipya, lakini mbao za Tanga zote zinanijua.

Mwaka wa hamsini na sita Bwana Himyar alitaka banda la taarabu, maulidi na ngoma za harusi, watu wakae kivulini upepo ukipita. Kazi ya kuchora ramani akampa Asheri, Mbondei, Mlutheri, shati limepigwa pasi hata siku ya kuchimba. Miaka tisa Asheri alichora katika ofisi ya mkandarasi, wengine wakitia majina yao. Hii ilikuwa ya kwanza kubeba jina lake, pembeni chini, kwa wino.

"Hili likisimama, Safari," aliniambia, "sichorei mtu tena."

Ramani ilikuwa na nguzo nane kwa duara, katikati wazi, mahali pa mwimbaji. Asubuhi moja akaikunjua: nguzo tisa. Ya tisa katikati kabisa, kiduara cha penseli, kama kimepigwa kwa bikari.

"Umechezea kazi yangu?"

"Mimi? Mimi hata jina langu nikiliandika linapinda."

Akakifuta. Kesho yake kimerudi. Akaanza kuwashuku watu wa nyumba ya Bwana Himyar, akaacha kuilaza ramani barazani kwao. Akanipa mimi niifungie katika sanduku langu la randa. "Wewe ndiye ninayekuamini," akasema. Asubuhi nikafungua kufuli mbele yake. Kiduara kipo.

Bwana Himyar naye akashuku. "Nguzo ya tisa ni ya banda langu," akauliza polepole, "au ya nyumba yako, Asheri? Maana mbambakofi wa nguzo hizi ni mti wa bei."

Asheri aliinua kidole. Alikuwa akisikiliza. Ilikuwa adhuhuri, hakuna jani linalotikisika, na pale katikati ya vigingi, kwenye udongo mtupu, tulisikia kiti kikiburutwa, kikawekwa, kikakaliwa, kisha ikaja harufu ya marashi, tamu kwanza, halafu nzito, halafu imechanganyika na yai viza, ikatuzunguka wote watatu mmoja mmoja kama mtu anayenusa nguo za wageni, na iliponifikia mimi ikatulia.

"Mmesikia?" Bwana Himyar akanong'ona.

"Sijasikia kitu," nikasema.

Akaitwa Bi Chiku, mganga wa Mwera. Hakutaka hata chai. Akachota udongo wa katikati, akaunusa.

"Chano kiliwekwa?"

"Kiliwekwa," akasema Bi Muzna, mke wa Bwana Himyar. "Halwa, mayai saba na marashi, nimeandaa kwa mikono yangu, ili wenyewe wa ardhi waturuhusu kujenga. Jua lilipotua nikakuta sinia tupu. Nikashukuru, nikajua wamepokea."

"Hawakupokea. Kililiwa na mtu. Siku ile nani alikuwa hapa?"

Tulikuwa wawili, Asheri na mimi, tukivuta kamba za vipimo. Macho yote yakaenda kwa Asheri, kwa sababu siku ile alisema mbele ya watu kwamba yeye Mlutheri, na sinia lile halimhusu.

"Sikuligusa, mama," akasema Asheri. "Safari, waambie."

Nikatazama randa yangu.

Bwana Himyar akaichana pembe ya ramani, ile yenye jina, akampa. Asheri akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akatoka. Siku hizi yuko Amani, kwenye bustani ya miti ya serikali, anaandika vibandiko vya majina ya miti.

Bi Chiku akafukiza, akasoma, akaweka chano kipya, akaagiza nguzo ya tisa isimamishwe. Niliichonga mimi. Kiti hakikuburutwa tena, taarabu ikapigwa, na watu hadi leo wanalisifu banda la Bwana Himyar.

Hapo ndipo huwa naishia.

Lakini leo umenitazama vibaya, basi chukua na hili. Siku ile ya chano cha kwanza, halwa ilikuwa bado ya moto. Asheri alikwenda kunywa maji, nikasema kwa sauti, "Mwenyewe kama yupo, aje anizuie." Nikala yote, na mayai, na marashi nikayashushia. Na Bi Chiku alipoondoka alinivuta kando: "Mwanangu, mwenyewe wa ardhi chano cha pili hakukigusa. Ameshapata pa kula."

Tangu siku ile naamka vidole vyeusi. Penseli sina. Na ukutani juu ya kitanda changu, kwa mwandiko ulionyooka ambao hakuna mwalimu aliyenifundisha, kila alfajiri nakuta jina la Asheri. Nalifuta kabla mke wangu hajaamka.

Leo sikulifuta.