Ukoo Uitwao Nivaldo

Chupa yenye sumu kali kuliko zote ndiyo iliyokuwa imestawi kuliko zote. Jucilene aliiinua mwangani akahesabu, kisha akahesabu tena, maana alidhani macho yanamchezea. Jumatatu alikuwa ameweka humo vijani kumi na viwili vya maji, vile vidogo kuliko punje ya dengu vinavyoelea juu ya mabwawa, akavitilia dawa ya kuua magugu kwa kipimo ambacho kingekausha shamba zima. Leo ilikuwa Jumatano. Vilipaswa kuwa vimekwisha kuwa vyeupe, lakini sasa vilikuwa arobaini na kimoja na vyote vinang'aa.

"Umechanganya chupa, mama," alijiambia. "Uzee huo."

Hakuwa amechanganya. Miaka kumi na mmoja katika maabara ile ya Barra do Surubim, ukingoni mwa mto São Francisco, hakuwahi kubandika lebo mahali pasipo pake, na hata wale wasiompenda wangelikiri hilo, nao walikuwa wengi kwa sababu Jucilene ana mdomo. Akainama kuangalia rafu ya chini. Hapo ndipo harufu ilipompiga: tope la kilindini na samaki aliyeoza, ndani ya chumba kinachopigwa deki kwa spiriti kila asubuhi. Ni chumba ambacho taa zake hazizimwi, kwa kuwa vijani hulishwa mwanga usiku na mchana kwa siku saba za jaribio, kwa hiyo hakina pembe ya giza ambapo kitu kingeweza kujificha. Na bado, chini ya rafu, sakafuni, palikuwa na alama ya mguu uliolowa. Mguu mfupi, mpana, vidole vimetanuka.

Kutoka ukumbini akasikia mtu anatapika. Alikuwa Nivaldo, mdogo wake, aliyemlea kwa mikono yake tangu mama yao azikwe, na aliyemtafutia kazi hapo miezi mitatu iliyopita kwa kumsumbua bosi wao, Daktari Evaristo, mpaka akachoka.

"Jana ulikunywa nini, wewe?"

"Kahawa tu, dada. Naapa kwa Bom Jesus da Lapa."

"Usimtie Bom Jesus kwenye ulevi wako. Hebu pumua nikunuse."

Nivaldo hakupumua. Alikuwa anatazama sinki. Mle ndani zilikuwa kucha nne, safi, bila tone la damu.

"Haziumi," alinong'ona. "Zimedondoka zenyewe, dada. Nimenawa mikono tu."

Kazi ya Jucilene ilikuwa kuangalia vijani vikifa, na alijua hatua zote kama mtu anavyojua njia ya kwenda nyumbani. Kijani kikionja sumu, kwanza huangusha mizizi. Kisha hupauka kuanzia kingo. Alimtazama mdogo wake midomoni, akaona imekuwa myeupe pembeni.

Alirudi kwenye chumba cha taa. Alichukua kibanio, akanyanyua kijani kimoja kutoka chupa ya sumu kali, akakiminya, apate kujua kama nyama yake ni hai au ni rangi tu.

Yowe lililotoka ukumbini lilimfanya adondoshe kila kitu.

Nivaldo alikuwa sakafuni, amekumbatia mkono wa kushoto. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepondwa kikawa bapa, mfupa umetokeza, damu inaruka ukutani kwa mapigo. Mlango ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na mtu mwingine ukumbini. Jucilene alivua koti lake la kazi akalizungushia ule mkono kwa nguvu, huku akilini mwake akikiona kile kijani alichokiminya, ambacho kilikuwa kimeanguka mezani kizima, hakina hata mkwaruzo.

"Vijani hivi ulivichuma wapi? Niambie kweli."

"Bwawa la Caboclo."

"Ulimpa tumbaku?"

Nivaldo alianza kulia. "Nilikuwa nayo mfukoni, dada. Niliishika hivi mkononi. Lakini Daktari Evaristo alisema ni marufuku kutupa kitu chochote majini pale unapochota, eti utaharibu sampuli. Na ilikuwa siku yangu ya kwanza. Nilitaka aone najua kazi."

Jucilene alikasirika, lakini angemkasirikia nani? Kila mtoto wa mto ule hufundishwa kabla hajajua kuogelea kwamba kuna jini anayeitwa Caboclo, mfupi, mweusi, kipara, mwenye kila kitu kilichomo majini, naye hadai ila tumbaku. Na kila mfanyakazi wa maabara hufundishwa asitie uchafu kwenye maji ya kupima. Kijana alikuwa ametii amri moja akavunja nyingine. Tena kulikuwa na jambo baya zaidi, desturi yao wenyewe ya maabara, ambayo Jucilene ndiye aliyeitimiza kwa mkono wake: vijani vyote vinavyozaliwa na kimoja huitwa ukoo, na ukoo hupewa jina la aliyeuchuma. Kila chupa mle ndani iliandikwa NIVALDO. Mwenye mali hakupewa tumbaku yake, ila jina la mwizi alikuwa ameandikiwa, kwa wino usiofutika.

Aliinua macho kwenye kioo cha mlango wa chumba cha taa, akamwona.

Alikuwa amechuchumaa kati ya rafu, chini ya mwanga mweupe usioacha kivuli, amempa mgongo, mabega yake mapana kuliko mlango wa kabati, ngozi yake inachuruzika maji ya tope, na kwa kidole kinene alikuwa anagusa chupa moja baada ya nyingine, polepole, kama mwenye duka anayekagua bidhaa, na kila alipogusa chupa Nivaldo alikoroma na kukunjamana, mpaka kidole kilipofika chupa ya mwisho na kile kichwa kipara kikaanza kugeuka, na Jucilene akaona kwamba katikati ya paji la uso palikuwa na jicho, na halikuwa na mwenzake.

Alimshika mdogo wake kwapani akamburura hadi uani. Simu ilimponyoka mara mbili kabla hajampata Dona Filó, yule bibi wa kuombea wagonjwa aliyeponya nusu ya mji kwa matawi ya mmea wa dawa uitwao aruda. Akamsimulia yote.

"Usilie, mwanangu, nisikie," alisema Dona Filó. "Virudishe vyote bwawani leo leo, na tumbaku juu yake. Mimi nakungoja gatini na mtumbwi. Na viache hivyo hivyo, umesikia? Visiguswe na moto. Chochote vitakachofanyiwa, atakilipa kijana."

Jucilene akarudi mbio ndani. Rafu zilikuwa tupu.

Daktari Evaristo hakuwa mtu mbaya. Alipenda kanuni kama wengine wanavyopenda mpira, na kanuni ilisema jaribio likiharibika, vijani vyote viuawe kwa mvuke ndipo vimwagwe. Alikuwa amepita, ameona chupa ya sumu imenawiri, ametikisa kichwa, ameipakia trei yote kwenye chungu kikubwa cha mvuke mwisho wa ukumbi, amekaza kifuniko. Mshale wa joto ulikuwa unapanda.

"Fungua!"

"Juci, jaribio limekufa. Tutaanza upya Jumatatu."

"Fungua, Daktari! Mdogo wangu yumo humo!"

"Umechoka, nenda nyum..."

Uani Nivaldo alianza kupiga mayowe, na sauti ile haikuwa ya mtu anayeumwa, ilikuwa ya mnyama anayechinjwa kwa kisu butu. Kupitia dirishani wote wawili walimwona: amekakamaa juu ya saruji, mvuke unatoka kinywani, ngozi ya shingo na mikono inavimba malengelenge, yanapasuka, na maji yake yanachemka. Daktari aliganda. Mkono wake ulibaki juu ya komeo la chungu, si kufungua wala kuachia, na Jucilene hakuwa na muda wa kumngoja aamini. Aling'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani akamtwanga nao tayani. Alisikia mfupa ukivunjika. Alimruka, akapiga komeo mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kifuniko kikaruka na mvuke ukamvaa usoni na mikononi, ukambandua ngozi kuanzia kwenye viwiko, naye akaingiza mikono ile ile ndani akaitoa trei huku akitukana kila mtakatifu aliyemjua.

Vijani vilikuwa vya kijani. Maji ya chupa yalikuwa baridi.

Bwawani ilikuwa saa nane mchana, jua kali, hakuna upepo. Dona Filó alikaa nyuma akipiga kasia, Nivaldo amelazwa kati, anapumua kwa shida. Kabla hawajasukuma, yule bibi alichomeka kisu kwenye sakafu ya mtumbwi, ncha ikielekea chini, kama wanavyofanya watu wa mto ili jini asiupindue. Walipofika katikati Jucilene alianza kumwaga chupa. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Maji yakaanza kunuka.

Mkono ulitoka upande wa kulia ukashika ukingo, mbao zikalia. Mwingine ukapita juu moja kwa moja, ukamkamata Nivaldo mguu, ukavuta. Dona Filó alirusha kipande kizima cha tumbaku. Mkono haukuachia.

"Chukua tumbaku yako, mzee!" alipiga kelele yule bibi. "Umelipwa! Muache!"

Paja la Nivaldo lilichanika kama kitambaa na mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia, na Jucilene, ambaye alikuwa ameshika kiuno cha mdogo wake kwa mikono isiyo na ngozi, aliona kwamba chupa moja imebaki, imeviringika miguuni mwake, na jina likiwa juu yake, akaipiga kwenye ukingo ikavunjika, vijani vikamwagika majini, akaisokomeza ile lebo mdomoni mwake, akaitafuna pamoja na vipande vya kioo, akameza.

"Jina ni letu!" alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Mama yetu alimpa. Si lako!"

Mtumbwi ukarudi sawa. Juu ya maji vijani vilikuwa vinatawanyika, na ile tumbaku haikuonekana tena.

Siku ya tisa Nivaldo aliweza kukaa kitandani. Alikula bakuli mbili za pirão, uji mzito wa samaki, akamtania dada yake kwamba amefungwa mikono kama mwanasesere. Jucilene alicheka mpaka midomo yake yenye nyuzi za mshono ikauma. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua, ile ya kumsikia mtu akitafuna akiwa chumba cha pili.

Adhuhuri Daktari Evaristo alikuja, taya limefungwa waya, uso umemsinyaa. Hakuja kushtaki. Alisimama mlangoni na karatasi iliyokunjwa.

"Juci," alisema kupitia meno. "Ukoo ule. Ulikuwa unazaa vizuri mno. Mwezi uliopita niliwagawia wenzetu. Kwa posta. Ndivyo tunavyofanya siku zote, unajua."

"Wangapi?"

Alimpa karatasi. Maabara tisa, miji tisa.

Jucilene hakumtukana. Alishika simu kwa ncha za vidole akaanza kupiga. Wa kwanza alikuwa bado hajafungua kifurushi, akaapa hatakigusa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mwalimu wa chuo, mwanamke mwenye sauti ya uchangamfu, na nyuma yake palikuwa na kelele za darasa.

"Aa, Nivaldo!" alisema. "Tunavipenda sana hivyo vijani! Nimewagawia wanafunzi wangu, thelathini na wawili, kila mmoja na chupa yake. Leo tunajifunza kuvikata vipande vyembamba tuone ndani. Subiri kidogo, dada, wameshashika viwembe."

"Wazuie!" Jucilene alipiga kelele kwenye simu. "Wazuie, mama, nakuomba, wazuie!"

Lakini kutoka chumbani Nivaldo naye alikuwa ameanza kupiga kelele, na yule mwalimu akauliza kama simu ina matatizo, maana hasikii vizuri.