Ukurasa wa Pili

Soko la Kangeta asubuhi si mahali pa mtu mwenye haya. Wanaume wanapiga kelele, magari ya miraa yananguruma yakitaka kuwahi Nairobi, majani ya migomba yametapakaa kila mahali, na ukisimama kizembe utasukumwa mpaka ujikute kwenye mtaro. Katikati ya vurugu hiyo, mwaka wa 1996, alisimama Wambeti, msichana wa Gachoka kule Mbeere, kavaa sketi ya bluu iliyopigwa pasi ikakubali, viatu vyeupe vilivyokwisha geuka vyekundu kwa matope, na kalamu sikioni.

"Wewe dada, umepotea?"

Akageuka. Kijana mrefu, koti la jinzi, kakumbatia mzigo wa miraa uliofungwa vizuri kwa majani ya migomba.

"Sijapotea. Natafuta bei ya miraa. Ni ya gazeti."

"Gazeti gani?"

"Langu."

Kijana alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Langu! Haki huyu ana maringo. Kwenu ni wapi?"

"Gachoka."

"Aaah, kwa watu wa muguka, ile miraa ya majani! Nyinyi mnakula majani kama mbuzi, halafu mnakuja kutuuliza bei ya miraa?"

"Heri mbuzi, anachagua kitu laini," Wambeti akamjibu. "Nyinyi mnatafuna vijiti siku nzima halafu mnajiita mabingwa. Utanipa bei ama niulize mwanamume mwingine?"

Wenzake wakampigia msichana makofi. Kijana huyo alikuwa Thuranira, mtoto wa Mzee Mwongera, na kusema kweli alikwisha pale pale. Bei aliitoa, akamsindikiza Wambeti mpaka stendi, akaomba na namba ya simu ya kazini.

Kazini kwenyewe kulikuwa Meru mjini, kwenye kiduka cha kupiga taipu cha mama mmoja aliyeitwa Jedidah. Gazeti nalo lilikuwa karatasi moja tu, pande mbili, iliyotaipiwa kwenye stenseli na kutolewa nakala kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Lilitoka kila Jumamosi, likabandikwa kwenye kuta za masoko. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Jedidah: bei, matangazo ya harambee, salamu za rambirambi. Ukurasa wa pili alimwachia Wambeti. "Jaza unavyotaka," alimwambia, "bora watu wasome."

Lakini ujaze na nini? Hilo ndilo lililomsumbua binti wa watu. Alijaribu mapishi, wanawake wakamwambia wanajua kupika. Alijaribu vichekesho, wanaume wakasema vya kilabuni ni vitamu zaidi. Kila simu ilipolia ilikuwa ni Thuranira, kutoka kibanda cha simu, na mazungumzo yakawa ni hayo hayo.

"Mpenzi, andika mambo ya mapenzi. Mwambie msomaji jinsi kijana mmoja wa Kangeta hali wala halali."

"Huyo kijana mbona namwona ananenepa?"

"Ni huzuni hiyo. Imenivimbisha."

"Kwenda huko!" Wambeti akacheka, Jedidah akakohoa kumkumbusha kwamba kuna wateja. "Sikiliza bwana. Mapenzi kila mtu anayajua. Nataka kuandika kitu ambacho mtu akikisoma atakuja hapa kubishana na mimi."

"Utapigwa siku moja."

"Wajaribu."

Mambo yakaiva. Thuranira akamwalika nyumbani kwao aonane na wazee. Wambeti alivaa gauni la manjano na kitambaa kichwani, akabeba sukari na majani ya chai kama alivyofunzwa na mama yake. Mama Thuranira alimkumbatia. Chai ikanywewa. Kisha Wambeti akatoka kunyoosha miguu, njia ikampitisha chini ya mibaine, ile miraa ya zamani iliyopandwa na mababu. Mtoto aliyekua akichuma muguka pamoja na mama yake, mkono wake haukuomba ruhusa. Aliona chipukizi jekundu, laini, akalichuma.

"Wewe!" Mzee Mwongera alitoka mbio, fimbo juu. "Nani alikutuma huko? Mwanamke hachumi miraa! Unataka mti ukauke?"

Wanaume wakajaa uani. Kule Igembe, upande huo wa Kangeta, mwanamke anaweza kuiuza miraa sokoni mchana kutwa, lakini kuichuma mtini ni kazi ya wanaume, na hakuna aliyekuwa amemwambia mgeni. Wambeti alisimama na chipukizi mkononi, akamtafuta Thuranira kwa macho. Alimwona. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake, hasemi kitu. Fimbo ya mzee haikumuuma Wambeti hata kidogo. Kimya kile ndicho kilichomuuma.

Jumatatu simu ikalia.

"Wambeti, mpenzi, usikasirike. Baba anataka kitu kidogo tu. Uandike pole kwenye ukurasa wako. Sentensi moja, ibandikwe hapa sokoni, basi yaishe."

"Na nisipoandika?"

"Wazee hawatapeleka ncoolo kwenu. Si unajua, ule mzigo wa miraa wa kuomba mke? Usipopelekwa hakuna harusi. Tafadhali. Sentensi moja."

"Na wewe unasemaje?"

Kimya tena.

"Asante," Wambeti akasema. "Sasa najua cha kuandika."

Akakata simu, akaingiza stenseli kwenye taipureta, akaandika kwa hasira mpaka meza ikatikisika. *Nilichuma miraa Kangeta. Kwetu mama yangu anachuma muguka tangu nikiwa mgongoni, na haijakauka. Nimeambiwa niombe radhi. Siombi. Naomba kuelezwa: mkono wangu una nini?* Akatia na jina lake lote.

Jedidah alisoma akashika kiuno. "We mtoto, wateja wangu wengi ni Wameru."

"Wewe pia ni Mmeru, mama. Mkono wako una nini?"

Jedidah aliangalia mkono wake, mbele na nyuma. Kisha akaushika mpini wa mashine, akazungusha.

Jumamosi karatasi zilibandikwa, na Kangeta zikachanwa siku ile ile. Lakini kiduka kilijaa. Mwalimu mmoja alikuja kumuunga mkono. Bibi kizee alisafiri kutoka Kanyakine kuja kumgombeza: "Mti wa wanaume uache, mwanangu, wana vichache vya kujivunia." Wambeti akayachapisha maneno yao yote, na lile la kugombezwa akalipa nafasi ya juu. Watu wakaanza kuulizana Ijumaa kesho kutakuwa na nini, na tangu hapo hakuhangaika tena kutafuta cha kuandika.

Ila kutoka kwa Thuranira hakukuwa na simu. Usidhani Wambeti hakulia. Alilia, tena vibaya, chooni, akanawa uso, akarudi kutaipu.

Hata mchana mmoja wa mvua, kiduka kimejaa, mlango ukafunguka. Thuranira huyo, kalowa chapachapa, koti linadondosha maji sakafuni.

"Nimekuja kuandikwa," akasema.

"Panga foleni," Wambeti akamjibu, hakuinua macho.

"Ule mti nimeuangalia kila asubuhi. Baba pia anauangalia, anajificha, nimemfumania. Umechipuka vizuri kuliko yote. Andika hivyo, na jina langu uliweke."

Wateja wakasogea karibu.

"Baba yako atakufukuza."

"Ameshanifukuza. Nimemwambia shamba ni lake, mdomo ni wangu."

"Siku ile ulikuwa nao huo mdomo?"

"Siku ile niliogopa. Niliogopa baba, nikakuacha peke yako mbele ya watu, na sijapata raha tangu siku hiyo. Ndiyo sitaki kukuomba msamaha pembeni. Nataka usomwe sokoni."

"Na ncoolo?"

"Hakuna mzee atakayeibeba. Nitaenda Gachoka mikono mitupu, nimwambie baba yako mwenyewe kwamba nakupenda. Ukinikubali."

"Mkubali!" mteja mmoja akapiga kelele.

"Nyamaza, si wewe unayeolewa!" Wambeti akamkemea. Akaingiza stenseli. Akaandika alivyoambiwa, neno kwa neno, akamaliza na jina. Halafu vidole vikaongeza kitu.

Thuranira akainama begani pake, akasoma. "*Thuranira wa Mwongera, mchumba wangu.* Wambeti! Hii itasomwa mpaka Maua!"

"Isomwe."

Jumamosi waliibandika Kangeta wao wenyewe. Mwanamume mmoja akasogea, akaichana mbele yao. Thuranira akabandika nyingine, akasimama kando yake, mikono kifuani. Wambeti akasimama upande wa pili, na watu wakaanza kusoma.