Shemeji wa Ziwa la Tatu

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, aliingia na shemeji yake kwenye msitu mkubwa ulio katikati ya jiji, kila mtu na baiskeli yake. Kwenye ziwa la tatu la msitu huo, fundi akapata pancha.

"Ningoje hapa, nifuate kiraka na pampu," shemeji alisema, akaondoka mbio bila kugeuka.

Fundi alingoja mpaka giza likajaa chini ya miti. Vyura wakanyamaza wote kwa pamoja. Akapiga simu.

"Niko nyumbani," shemeji akajibu.

"Umenitupa? Mimi niliyekuoza dada yangu?"

"Nisamehe, shemeji. Nilikuona umeshika baiskeli. Na wakati huohuo nilikuona pia umesimama ziwani, maji kiunoni, kidole mdomoni, ukininyamazisha."