Alinirekodi Nikimlilia Mtoto Wetu

"Nasikia kwamba umeumia," mume alisema kwa upole.

"Usinisikie. Nijibu. Ulinirekodi?"

Mume alikuwa anasomea shahada ya pili ya ushauri wa ndoa na familia. Tangu aanze, hakuna ugomvi uliopata nafasi nyumbani. Kila mkewe akifoka, anarudishiwa maneno yake yaleyale kwa sauti laini, mpaka alitamani mwanaume apige hata meza.

Lakini la leo lilikuwa zito. Mkewe ni fundi cherehani. Alikuwa anampima mteja gauni, mteja akamwambia sauti yake anaijua. Ameisikia chuoni, kwenye darasa lao la ushauri, katika rekodi ya mazoezi ya mwanafunzi mwenzake: mke analilia mimba iliyoharibika, mume anambembeleza vizuri ajabu. Darasa zima lilipiga makofi.

Mume akajitetea kuwa hakutaja jina, na kwamba darasani wote wanatunza siri.

"Mke wangu, hebu kwanza tuvute pumzi."

"Yule alikuwa mtoto wetu. Ukaficha simu chini ya mto, nikakulilia, ukaenda kupigiwa makofi."

Alifungasha nguo akahamia kwa dada yake. Huko ujumbe ukaingia: "Naheshimu hisia zako."

Akajibu: "Aliyeandika hivi simjui. Mume wangu akirudi, mwambie anitafute."

Asubuhi alikwenda chuoni kumwona mwalimu msimamizi, akamweleza yote bila kupepesa macho. Mwalimu aliifuta rekodi mbele yake, akamzuia mume kukutana na watu wanaokuja chuoni kupewa ushauri hadi kamati ya nidhamu iamue.

Jioni mume alitua kwa shemeji yake akiwa amefura.

"Umeniharibia masomo yangu."

"Umejiharibia mwenyewe. Mimi nimesema tu."

"Ulitaka nifanye nini?" Sasa alikuwa anafoka kweli. "Ulikuwa unalia kila siku, sijui nikwambie nini. Na mimi nilikuwa nalia bafuni, nafungulia maji usinisikie. Darasani ndiko pekee nilikoonekana najua la kusema."

Mkewe alimkazia macho. Tangu msiba ule, hakuwahi kumsikia akisema neno moja la kwake mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Nisamehe, mama."

Mkewe akasogea kidogo kwenye kochi, akampisha nafasi.

"Kaa. Sijakusamehe, na kurudi nyumbani sirudi leo. Hasira ninayo bado, na usithubutu kunituliza."

Akakaa, hakumtuliza. Alijaribu kusema kitu, kilio kikamtangulia, na mkewe naye akaangua. Dada mtu akawafungia mlango, wamlilie mtoto wao.