Nilitia Saini Vibao Nisivyoviona

Wanaohusika na mkasa huu ni wawili. Wa kwanza ni Ambokile, mwenzangu wa kazi tangu ujana, ambaye aliliona kosa akalifunika. Wa pili ni mimi ninayeandika. Naanza na majina kwa sababu katika utumishi wangu wote sikupata kufungua jalada lisilo na jina la mhusika.

Nina umri wa miaka sitini na mitatu. Ni mstaafu wa masijala, mkazi wa Mlandege, Iringa. Mke wangu, Salome, alifariki muda mfupi baada ya mimi kustaafu, na watoto wetu wanaishi mbali. Kwa miezi mingi niliendelea kusonga ugali wa watu wawili... mkono ulikataa kujifunza kipimo kipya.

Kwa kiinua mgongo changu nilinunua mashine ndogo ya leza, ile inayokata mbao na kuzichora kwa mwali mwembamba. Nilichora vibao vya makaburini: jina la marehemu na sura yake. Nilichora kimoja kimoja. Familia ilikuja, ikaketi kwenye benchi langu, nami nikawasomea kila neno kwa sauti huku nikiwaonyesha picha. Nilipomaliza waliitikia, “Ndiye.” Hapo ndipo nilipowasha mashine. Wengine walikaa mpaka chai ya pili wakinisimulia habari za mtu wao. Nakiri leo kwamba benchi lile nililipenda kuliko mashine.

Kisha parokia moja ikaagiza vibao thelathini na vinane kwa mkupuo, viwe tayari kwa Siku ya Marehemu. Nilimpigia simu Ambokile, aliyekuwa na mashine kubwa kule Uyole, Mbeya. Mimi ndiye niliyemfundisha kushona majalada alipoajiriwa. Salome alipofariki, Ambokile alilala mkekani kwangu wiki nzima. Ningemwamini nani kama si huyo?

Alinicheka kwa utaratibu wangu. “Kaka, ungekuwa muuza maandazi ungekaanga moja, ukasubiri mteja alimalize, ndipo ukaange la pili?”

Nilicheka pia. Ulikuwa umepita muda mrefu bila kicheko ndani ya nyumba ile.

Akanieleza mpango wake. Alikuwa na fremu yenye vyumba, kila kibao chumba chake. Angechora majina yote kwanza, kisha sura zote kwa mpangilio uleule. Mimi ningekusanya majina na picha kwa simu. Hakuna kuketi, hakuna kusoma, hakuna kuitikia.

Katika orodha ile nilimwingiza na Salome. Kibao chake sikuwa nimekichora bado. Kila nilipolisoma jina lake kwa sauti, hakuwapo mtu wa kuitikia.

Kila kibao kilitakiwa kiwe na hati ya uhakiki yenye saini yangu. Ambokile alisema hati zikienda na kurudi zitatuchelewesha. Nami, niliyewahi kumrudisha mkuu wangu mlangoni kwa kutaka saini juu ya karatasi tupu, nilitia saini hati zote zikiwa tupu nikazituma kwa basi! Nilimwita ndugu, na ndugu hakaguliwi... ndivyo nilivyojidanganya.

Siku chache baadaye familia moja ilijitoa, na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine mwishoni mwa orodha. Nililifuta jina nikamwagiza Ambokile aiondoe na picha. Akajibu, “Imeshatoka, kaka.” Haikuwa imetoka. Basi kila sura iliyofuata ikasogea, ikaangukia jina la jirani yake.

Masanduku yalifika Iringa siku moja kabla ya Siku ya Marehemu. Kila kibao kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe, na kitambaa hicho kwa desturi yetu hufunguliwa na wafiwa peke yao, kaburini. Paroko aliniuliza kama nimekagua. Nikamwonyesha hati. Nikasema nimekagua.

Kumbukumbu ziandikwe hivyo: nilisema uongo.

Vitambaa vilifunguliwa. Minong'ono ikaanza kutambaa kati ya makaburi. Chini ya jina la Salome palikuwa na mzee mwenye ndevu nisiyemfahamu. Sura ya mke wangu ilikuwa kwenye kaburi la jirani, chini ya jina la Tabitha, binti wa Bibi Vumilia.

Bibi Vumilia haoni vizuri. Alikuwa amepiga magoti akiipapasa sura ile kwa vidole, akilia taratibu kama mtu anayeongea. Mkamwana wake alimwinamia akamnong'oneza. Bibi akaacha kupapasa. Akauliza ni nani basi, nikalazimika kujibu.

“Kamwene, baba,” alinisalimu, kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana. “Nimemlilia mkeo. Na wewe nenda kamtafute binti yangu, umlilie.”

Nilimpigia Ambokile nikiwa nimesimama palepale.

“Niliona wakati wa kufunga,” alisema. “Basi lilikuwa limeshawasha injini. Nikajua sura za leza zinafanana tu, nani ataangalia sana? Halafu, kaka, saini ni zako.”

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Nimevirudia vibao vya familia zote kwa mashine yangu ndogo, nikavipeleka nyumba kwa nyumba. Wengi walivipokea mlangoni, bila kunikaribisha. Benchi limebaki na vumbi. Watu hunisalimu wakiwa upande wa pili wa barabara, wakapita.

Ndugu wasomaji, panueni kazi zenu, wala sipingi mashine. Lakini msiifute ile hatua inayomkutanisha mtu na mtu kwa kuwa tu inachelewesha. Na msitie saini kwa upendo. Saini ni ya macho!

Kwa hiyo namtaka Ambokile, mbele yenu, afike Iringa. Asimame makaburini, mbele ya kila familia, aseme kwa kinywa chake: niliona. Mimi nitasimama kando yake niseme: sikukagua.

Kibao cha Salome nimekiacha cha mwisho. Ubao uko tayari, haujachorwa. Siku hiyo nitalisoma jina lake kwa sauti, na Ambokile, aliyemfahamu, anatakiwa kuitikia.