Jina la Bibi Kija Katika Daftari la Kanisa

Kila Jumamosi ya msimu wa pamba, Kabula na bibi yake walikuwa shambani kabla jua halijakolea. Bibi Kija alishika mstari wake, Kabula akashika wa pembeni, kila mmoja amejifunga kiunoni shuka la kutilia pamba. Pamba safi iliwekwa mbele, na fifi, ile yenye madoa na majani makavu, ikawekwa nyuma. Bibi hakuwa na mchezo na kazi hiyo.

"Kabula! Hiyo unayoweka mbele ni pamba au takataka?" aliuliza bila hata kugeuka, utadhani ana macho kisogoni.

Jumamosi hiyo Kabula alichuma vibaya kupita siku zote. Kila baada ya hatua mbili aliinua kichwa kutazama kama bibi yake bado yupo.

Sababu ilikuwa mahubiri ya Jumapili iliyopita. Mhubiri mgeni alifika katika kanisa lao dogo la bati, nje kidogo ya mji wa Bariadi, akafundisha habari za unyakuo. Alisema siku moja, ghafla, waliookoka watachukuliwa juu kumlaki Bwana, na wengine wataachwa. Watu wawili watakuwa shambani, mmoja atatwaliwa na mwingine atabaki. Na kabla ya hapo, wafu walioamini watafufuka.

Katika maneno yote hayo, Kabula alisikia mambo mawili tu. La kwanza, atamwona mama. Mama yake, Generoza, alikuwa mwimbaji wa kwaya katika kanisa hilohilo, akafariki miaka miwili iliyopita. Kabula alimtamani kila siku. Alitamani kusukwa naye nywele, alitamani hata kugombezwa naye. La pili, bibi ataachwa. Bibi Kija hakuwahi kukanyaga kanisani ila siku ya mazishi ya mwanawe, na mara kwa mara asubuhi bado alinyunyiza unga kidogo mlangoni kwa ajili ya wazee waliotangulia. Sasa Kabula ampate mama halafu ampoteze bibi? Moyo wake ulikataa katakata.

"Bibi," alisema, "kwa nini usiokoke?"

"Niokoke? Kwani nimezama wapi?" Bibi akacheka mpaka akashika mgongo. "Chuma pamba, ng'wana wane, mwanangu wewe."

Kabula aliuliza tena walipokula, akauliza tena jioni. Mara ya tatu bibi hakucheka. Alisema, "Nimesikia," akaingia ndani.

Jumatatu, wakati wa mapumziko shuleni, jambo hilohilo likazusha ubishi. Josia, aliyesali kanisa moja na Kabula, alikuwa akiwasimulia wenzake mahubiri yale. Goodness, ambaye baba yake alihamishiwa halmashauri kutoka Kilimanjaro, akamkatiza.

"Baba anasema hakuna cha kuchukuliwa kwa siri. Bwana atakuja mara moja tu, na watu wote watamwona."

"Kwani baba yako ni mhubiri?"

"Na huyo wenu ameshafika huko mawinguni akarudi?"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu Wilbroad alikuwa akipita, akasimama.

"Sikilizeni," alisema. "Maneno ya kuchukuliwa mawinguni yamo katika barua ya Paulo kwa Wathesalonike. Wakristo wanabishania maana yake. Fundisho la kwamba waumini watachukuliwa kwanza na wengine kuachwa katika dhiki lilienea kutoka Uingereza, miaka isiyofika mia mbili iliyopita. Wanaolishika wanasema lilikuwamo katika Biblia tangu mwanzo. Wengine wanasema Paulo alikuwa na maana ya watu wanaotoka kumpokea mfalme njiani na kumsindikiza aingie, kama hapa kwetu tunavyompokea mgeni."

"Kwa hiyo nani ameshinda, Mwalimu?" Josia aliuliza.

"Aliyeshinda ni kengele. Ingieni darasani!"

Kabula alibaki nyuma. "Mwalimu, kwa hiyo mtu ambaye hajaokoka ataachwa au haachwi?"

Mwalimu alimtazama usoni, akaacha utani. "Hilo kamuulize mchungaji wako, Kabula. Muulize kwa utulivu."

Hakumuuliza. Aliogopa jibu.

Jumatano alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto. Karibu na mlango kulikuwa na meza, na juu yake daftari ambamo waliandikwa watu waliookoka. Kanisa lilikuwa tupu bado. Kabula akashika kalamu, akaandika: Kija Masele, ameokoka. Alipotoka nje alijisikia mwepesi. Usiku huo alilala fofofo.

Loo! Hakujua kwamba daftari lile husomwa. Jumapili Mchungaji Thadei alisimama mbele, uso umemjaa furaha, akatangaza, "Mama yake marehemu Generoza ameokoka!" Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. "Leo alasiri tunakwenda kumshangilia nyumbani kwake!"

Kabula alitamani ardhi ipasuke. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta bibi anapepeta mtama, lakini ulimi ukagoma. Alikaa vivyo hivyo mpaka nyimbo zikasikika kwa mbali.

Bibi Kija alisikia wageni, akajifunga khanga, akatoka kuwapokea njiani. "Mwadila, mayu!" Mchungaji alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. "Mwadila, karibuni," bibi alijibu, akampokea mkoba wake na kuwaongoza wote mpaka uani. Alishangaa ugeni mkubwa namna hiyo, lakini aliwakalisha wote kwanza.

"Mayu, tumekuja kufurahi nawe," Mchungaji alisema. "Umempokea Bwana."

"Mimi? Lini?"

Ndipo Kabula akasimama, machozi yanamtiririka. "Ni mimi niliyeandika, Mchungaji. Bibi hajui chochote. Sitaki aachwe! Namtaka mama, na bibi pia namtaka!"

Bibi aligeuka taratibu. "Umenisemea bila kuniuliza? Miaka yote nakulea, umeuona mdomo wangu umeoza?"

"Nisamehe, bibi."

Mchungaji alitoa daftari mkobani, akalifuta lile jina mbele ya watu wote. "Kabula," alisema, "kumpenda mtu hakukupi ruhusa ya kusema uongo kwa jina lake. Imani ni neno la mtu mwenyewe. Ukiwa na hofu, iseme. Uliza. Usiifunike kwa uongo." Kisha akamgeukia bibi. "Na mimi nimekosa, mayu. Nimekutangaza kanisani bila kuja kukuuliza. Na tulipowatisha watoto kwa kuachwa, hatukufikiria waliofiwa."

"Sasa bibi ataachwa?" Kabula aliuliza.

Mchungaji alifunga daftari. "Mimi naamini unyakuo kama nilivyofundishwa. Wakristo wengine wengi wanaamini tofauti, na wanasoma barua hiihii ya Paulo. Lakini wa kuachwa ni nani, mwanangu, mimi sikupewa kuamua."

Bibi Kija alikuwa akisikiliza. "Hiyo barua mnayobishania," alisema, "waliandikiwa akina nani?"

"Waliofiwa, mayu. Walilia wakidhani hawatawaona tena ndugu zao. Paulo akawaandikia ili wafarijiane."

"Waliofiwa!" Bibi alitikisa kichwa. "Mbona huyo mhubiri wenu hakuanzia hapo?"

Bibi akamvuta Kabula, akamkalisha karibu naye mkekani.

"Haya, chukua Biblia ya mchungaji unisomee barua hiyo. Sijaokoka, nasikiliza tu."

Kabula alifuta macho, akasoma polepole. Alipofika mahali panaposema juu ya waliolala mauti, bibi aliinua mkono.

"Hapo," alisema. "Rudia hapo. Generoza alikuwa mwanangu kabla hajawa mama yako."