Punje Nyeupe za Novemba

"Merrin, mbona kalamu imekwama?" Profesa Ashby aliuliza.

Mkataba ulikuwa mezani. Miaka mitano. Merrin alikuwa ameusubiri kwa miaka sita katika maabara ya chuo kikuu pale Adelaide, Australia, akiishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja kama mpangaji asiyethubutu kufungua mabegi. Lakini macho yake hayakuwa kwenye mkataba. Yalikuwa kwenye daftari la kuingilia chumba safi, kile cha maabara kisichoruhusu hata vumbi, ambalo profesa alimpa apange zamu. Lilikuwa limefunguka kwenye ukurasa wa Novemba.

Novemba ndipo chipu zao za kompyuta zilipoharibika. Kazi ya miezi minane, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zote zikatupwa. Hadubini ilionyesha punje nyeupe za zinki, zinki ya losheni ya kujikinga na jua. Mtu alikuwa ameingia bila kunawa uso. Kosta, mchumba wake aliyefanya naye kazi benchi moja, alisema ni yeye mwenyewe aliyeingia hivyo. Mkataba wake haukuongezwa. Merrin, kwa uchovu na hasira, akamrudishia pete na kumwambia uzembe wake umewazika wote wawili. Kosta akainamisha kichwa, akarudi mji wa pwani wa Port Lincoln kwenye duka la samaki la mama yake.

Sasa daftari lilikuwa na jina moja tu Jumamosi ile chipu zilipoharibika. Lake. Akakumbuka asubuhi hiyo alikuwa uwanjani akimtazama mpwa wake akicheza kriketi, uso mweupe kwa losheni, kisha akaja kazini moja kwa moja huku akisinzia. Hakuna aliyekagua daftari. Mtu akishakiri, nani ahangaike?

Aliomba dakika tano, akatoka koridoni, akapiga simu.

"Kosta, Jumamosi ile ya chipu ulikuwa wapi?"

Upande wa pili wa simu samaki walikuwa wakikaangwa.

"Huku, kwa mama. Alikuwa anapasuliwa jicho."

"Kwa hiyo hukuingia."

"Yamepita hayo, Merrin."

"Nilikusema mwezi mzima. Nikakurudishia pete. Na wewe ukanyamaza tu?"

"Nilijua asubuhi ile ulitoka uwanjani, na ulikuwa unalala umesimama. Nikaona mmoja wetu lazima abaki, na mwenye mikono ya kazi ile ni wewe."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ulipaswa kuniuliza."

Kosta akashusha pumzi. "Umekula leo? Sauti yako ina njaa."

Merrin alikata simu, akafuta macho kwa mkono wa sweta, akarudi ndani.

"Profesa, zile punje zilikuwa zangu," alisema, akamgeuzia daftari.

Profesa Ashby alisoma polepole, akavua miwani. Alionekana amechoka kuliko Merrin.

"Unajua nafasi hii nitalazimika kuitangaza upya? Na unaweza kuikosa."

"Najua. Nitaomba kama wengine. Ila kwanza jina la Kosta lisafishwe, kwa barua."

Barua iliandikwa Ijumaa na kutumwa kwa barua pepe. Jumamosi Merrin akaendesha gari kwa muda wa saa saba, akafika Port Lincoln mchana, jua likiwa kali. Mama yake Kosta alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Huyu ndiye mtaalamu asiyenawa uso?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Mwenye kuombwa yuko nyuma. Pete iko kabatini, naifuta vumbi kila Ijumaa. Nimeshachoka."

Kosta alikuwa uani akipara samaki, pua imeungua kwa jua na kubanduka ngozi. Alimwona, akaweka kisu chini. Wala hakusogea.

"Barua imefika," alisema.

"Usiniamulie maisha yangu tena."

"Sitarudia."

"Na mimi sitakulaumu tena kabla sijasoma daftari."

Kosta akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Merrin akatoa losheni kwenye mkoba, akamwinamisha kichwa na kumpaka puani. Miaka mingi walikuwa wamefanya kazi bega kwa bega ndani ya mavazi meupe, wakionana macho tu, kugusana ni mwiko.

"Unaniachia alama," Kosta akasema.

"Safari hii acha zionekane."